Waifai Siyo Bando

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari zilikatika, na nchi nzima tukabaki tunanyanyua simu juu kutafuta mtandao. Hapa Iringa wengi tulilalamika kwamba WhatsApp haifunguki. Kwetu Uyole, Mbeya, hasara ilikuwa nyingine: vifaranga kumi na saba.

Mama anafuga kuku. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na baridi ya Uyole mwezi wa tano mnaijua. Nilikuwa nimemnunulia soketi ya kuendeshwa kwa simu, nikachomeka taa za joto, nikawa naziwasha na kuzizima nikiwa Iringa. Kusema ukweli, nilijiona mhandisi.

Usiku ule nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Amri yangu ilitakiwa iende kwanza kwenye seva ya watengenezaji, nje ya nchi, ndipo irudi Uyole. Soketi ilikuwa na kitufe pembeni, lakini mama alikuwa amelala akijua mimi nasimamia. Asubuhi nikampigia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, hiyo taa yako inalala kuliko mimi. Bora chungu changu cha mkaa.”

Sikuwa na jibu. Ila baadaye nilielewa kosa langu, na naona wengi wetu tunalo: tunadhani waifai ni intaneti. Siyo. Waifai ni njia tu ya vifaa kuongea bila waya. Ruta ikiwa na umeme, kompyuta na taa zilizounganishwa nayo zinaongea hata kama bando limeisha au nyaya za baharini zimekatika. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: akili ya nyumba ikae ndani ya nyumba.

Likizo iliyofuata nilichukua kompyuta mpakato ya zamani iliyokuwa inakula vumbi, nikaweka Home Assistant, programu huria ya bure iliyoanzishwa mwaka 2013. Bandani nikafunga kibao kidogo cha ESP8266 chenye waifai, kipima joto, na rilei ya kuwasha taa. Upande wa umeme mkubwa nilimwita fundi. Volti 230 hazina majaribio. Amri yenyewe niliiandika kwenye kibao: joto likishuka chini ya 32, washa, likifika 35, zima. Kompyuta inatunza kumbukumbu na kupiga kengele chumbani kwa mama joto likishuka sana. Hata kompyuta ikizima, kibao kinaendelea. Mimi Iringa naangalia tu, mtandao ukiwepo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya matajiri wa kufungua mapazia kwa simu. Wana haki, maana ndivyo tunavyouziwa. Wengine watasema umeme ukikatika yote ni bure. Kweli, kompyuta haizalishi joto. Ndiyo maana kengele inatumia betri ya mpakato, na chungu cha mkaa bado kipo pale pale, na mama ndiye anayekiwasha.

Sisi wa ualimu linatuhusu zaidi. Sera ya Elimu, toleo la 2023, inataka tufundishe ujuzi. Tutakwenda shule ambazo kompyuta zipo lakini intaneti hakuna, na tutasema kipindi cha kompyuta hakiwezekani. Kinawezekana. Mwanafunzi aliyewasha taa kwa amri aliyoiandika mwenyewe, bila hata MB moja, ameelewa saketi, joto na programu kwa pamoja.

Jamani, kabla ya kununua kifaa chochote cha kisasa, muulize muuzaji swali moja: mtandao ukikatika, kitafanya nini? Akianza kujiuma-uma, rudisha hela mfukoni. Mimi sikuuliza, na aliyeokota vifaranga asubuhi alikuwa mama.