Wilaya ya Ubungo haiishii Kimara

Mwandishi wa makala ya gazeti hili ameieleza vizuri adha ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ila amesimama pale kwenye mataa ya zamani ya Ubungo. Wilaya yetu ni pana. Tangu ilipomegwa kutoka Kinondoni, Ubungo ina Mbezi, Kibamba, Goba na Kwembe, na huko ndiko watu wanakojenga. Njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi iliyoanza kutumika Mei 2016 inakomea Kimara. Februari 2021 tulifunguliwa Daraja la Kijazi pale Ubungo na stendi ya mabasi ya mikoani Mbezi Luis. Ni kazi kubwa, sibezi. Lakini mama ntilie anayewahi Kariakoo alfajiri bado anagombania mlango wa daladala.

Jioni ndiyo mateso yenyewe. Daladala imeandikwa Kibamba, konda anatangaza mwisho Mbezi, mnashushwa gizani na nauli mnalipa upya. Wengine tunageuza na gari: unapanda gari lisiloelekea uendako, unalipia, ili mradi likirudi uwe na siti. Mjamzito au mzee atageuza mara ngapi? Mvua ikizidi, bonde la Jangwani linalopitiwa na mwendokasi linafurika, na mwendokasi wenyewe unasimama.

LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, waweke wakaguzi Kimara na Mbezi kuanzia saa kumi na moja jioni, siyo asubuhi tu, na gari linalokatisha ruti lirudishe nauli papo hapo. Serikali nayo ituambie wazi, kwa tarehe, njia maalumu itafika lini Kibamba.