Ndoa za mpakani zinahitaji kibali kimoja

Mfanyabiashara wa Kitanzania aliyeolewa Kigali huvuka Rusumo na dagaa wake bila viza, kama raia yeyote wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ila ruhusa ya mgeni haizidi miezi sita. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, humpa haki ya kuishi aliyeajiriwa au kujiajiri ugenini, na mwenzi wake humfuata. Ndoa na mwenyeji, peke yake, imeachiwa sheria za kila nchi.

Na sheria hizo hazifanani hata kidogo. Kenya humruhusu mwenzi wa raia, mke au mume, kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa. Tanzania humfungulia mke njia hiyo, mume huachwa nje. Na mke naye lazima aukane uraia wa kwao. Mwenye genge sokoni Kimironko atayajulia wapi yote haya?

Mawaziri wa Jumuiya wamehangaika na malori na ushuru kwa miaka mingi, na si vibaya. Sasa wakubaliane kibali kimoja cha ukaazi kwa mwenzi wa raia, kitakachomruhusu kufanya biashara na kisichofutika siku anapofiwa.