Vifaranga Waliokaukia Ndani ya Gamba

Mwaka jana kina mama wa msikiti wetu hapa Kasulu walinunua mashine ya kutotolesha mayai kwa fedha walizochangishana, ili faida yake iwapatie mayatima wa madrasa sare na madaftari. Awamu ya kwanza yaliwekwa mayai 90. Siku ya 21 walitoka vifaranga 31. Tulipoyapasua yaliyosalia, mengi hayakuwa viza. Ndani yake mlikuwa na vifaranga waliokamilika, wenye manyoya, wamegandamana na utando mkavu uliowabana hata wakashindwa kugeuka.

Maneno yakaanza. Wapo waliosema mashine ni mbovu, wapo walioshuku jogoo, na wapo, Allah atusamehe, waliomtazama kwa jicho baya dada aliyekabidhiwa ufunguo, kana kwamba alizembea. Naye alikuwa amefuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno: joto nyuzi 37.7 na bakuli moja la maji.

Karatasi ile haikuandikiwa watu wa milimani. Gamba la yai lina vitundu maelfu, na kwa kila kitundu mvuke hutoka. Huku kwetu, Kasulu na Kibondo, tuko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika pale Kigoma mjini liko kwenye mita 770 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, na mvuke hupenya gamba upesi zaidi kuliko pwani, takriban kwa sehemu moja ya saba. Juu ya hilo kuna baridi yetu. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60, ikiingia katika mashine na kupashwa hadi nyuzi 37.7, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 20 tu. Ilhali yai huhitaji kama 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, na 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Nasi tuliweka mayai yale mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi!

Dawa tuliyoipata ni mizani ya dukani. Yai linatakiwa kupoteza takriban asilimia 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Trei ya mayai 30 yenye gramu 1,500 iwe karibu na 1,425 siku ya saba, 1,350 siku ya 14, na 1,305 siku ya 18. Uzito ukishuka kupita hapo, ongeza maji; ukichelewa kushuka, punguza, kwani unyevu ukizidi kifaranga huvimba na kuzama katika majimaji yake. Hili la pili huwapata zaidi wanaototolesha wakati wa mvua. Mayai yasiyo na mbegu yakiondolewa, trei ipimwe upya na hesabu ianzie hapo.

Kuongeza maji si kujaza bakuli. Kinachotoa mvuke ni upana wa maji, si kina chake; kwa hiyo sinia pana, au kitambaa safi kilichochovya ncha yake majini, hufanya kazi kuliko ndoo. Maji yawe ya uvuguvugu. Baada ya siku ya 18 mlango usifunguliwe kwa udadisi, hata watoto wakisikia milio na kulilia kuona. Sisi wenyewe tulifungua mara nne.

Awamu ya pili, kwa mayai 90, walitoka vifaranga 67. Tulimwita yule dada baada ya Swala ya Ijumaa, tukamtaka radhi mbele ya wale wale waliosema, na ufunguo akarudishiwa. Sasa yamo mayai mengine, na Jumanne alfajiri ni zamu yake ya kupima ya siku ya 14.