UCHANGANUZI: Sheria ya kulinda mtaa isimwadhibu mpangaji

MJI wa Winona, jimboni Minnesota, Marekani, haujulikani na wengi. Sensa ya 2020 ilihesabu humo wakazi 25,948 pekee. Hata hivyo, mvutano uliozuka huko kuhusu nyumba za kukodisha una funzo kubwa.

Winona umejengwa juu ya mchanga uliorundikwa na Mto Mississippi. Upande mmoja kuna mto, upande wa pili kuna ziwa na majabali marefu. Mafuriko ya Aprili 1965 yaliwafunza wakazi kwamba mto hauna urafiki, nao wakajikinga kwa tuta. Kwa hivyo ardhi ya kujenga nyumba mpya ni finyu.

Juu ya hayo, mji huo una Chuo Kikuu cha Jimbo la Winona, kilichoasisiwa 1858. Kila mwaka wanafunzi humiminika wakitafuta vyumba, na nyumba kuukuu zilizojengewa familia moja zikawa za kupangisha.

Majirani walilalamikia kelele, uchafu na uhaba wa mahali pa kuegesha magari. Mnamo 2005, baraza la mji likaamua kwamba nyumba zisizozidi asilimia 30 katika kila kipande cha mtaa zingepewa leseni ya kupangishwa.

Nia ilikuwa njema. Mtaa usio na wakazi wa kudumu hukosa wa kuutunza, nayo familia changa hushindwa kununua nyumba pale ambapo mwekezaji hutangulia na fedha zake.

Lakini hesabu hiyo ilizaa dhuluma. Aliyewahi leseni alifaidi. Aliyechelewa alifungiwa mlango, hata kama nyumba yake ilikuwa bora zaidi. Majirani wawili waliotenganishwa na barabara tu wangeweza kuwa na haki tofauti.

Mnamo 2011, wenye nyumba walionyimwa leseni walienda kortini. Mahakama ya Rufaa iliunga mkono mji huo mnamo 2014. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ya Minnesota iliitupa kesi bila kuamua kiini chake, kwa kuwa walalamishi hawakuwa tena na maslahi ya moja kwa moja katika suala hilo.

Katika vuta nikuvute hiyo, wenye nyumba walikuwa na mawakili, na mji ulikuwa na wake. Mpangaji, ambaye ndiye aliyehesabiwa kwa asilimia, hakuwa upande wowote wa kesi. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Nyumba za kupangisha zikipunguzwa ilhali wanaozihitaji hawapungui, kodi huelekea kupanda na mpangaji hukosa pa kuhamia. Asiye na pa kuhamia huogopa kulalamika paa linapovuja.

Hapo ndipo sheria za jimbo lenyewe zinaonyesha njia bora. Minnesota humtaka mwenye nyumba kurejesha amana, pamoja na riba, katika muda wa wiki tatu baada ya mpangaji kuondoka, au aeleze kwa maandishi sababu ya kuizuia. Tangu Januari 2024, anayedai kodi sharti atoe notisi ya siku 14 kabla ya kwenda kortini kumfurusha mpangaji. Kadhalika, nyumba anayoipasha joto mwenyewe sharti ifikie nyuzi 20 za Selsiasi kuanzia Oktoba hadi Aprili, majira ambayo baridi ya huko huweza kuua.

Wakenya wanaoenda kusomea Minnesota wafaa kuzijua haki hizi kabla ya kutia saini mkataba.

Tofauti iko wazi. Sheria ya asilimia ilimtazama mpangaji kama kero ya kupunguzwa. Hizi nyingine zinamtazama kama mkazi. Kama tatizo ni kelele, aadhibiwe mwenye kelele. Kama ni nyumba mbovu, abanwe mwenye nyumba. Kuwahesabu wapangaji hakuzibi paa linalovuja.