Pointi Hazipiki Pilau

Huko Marekani imekuwa ada, na ada hiyo sasa inahubiriwa hata Nairobi na vijana wenye ajira nzuri, kwamba mtu anayekusudia kuoa achukue kadi ya mkopo itoayo pointi, alipie kwayo ukumbi, mavazi, maua na vyakula, kisha pointi alizochuma kwa matumizi hayo azigeuze tiketi za ndege za kumpeleka fungate yeye na mkewe. Hesabu hii ni sahihi kwa mtu mmoja tu: yule ambaye fedha za arusi nzima zimo benki kabla kadi haijatoka mfukoni, naye akalipa deni lote kabla ya siku ya riba kuwadia. Mtu mwingine yeyote, katika nchi ile ambayo riba ya kadi imepita asilimia 20 kwa mwaka, hujinunulia tiketi kwa bei asiyoijua, na aghalabu humaliza kuilipa mtoto wake wa kwanza akiwa ameanza kutambaa.

Msomaji wa Kambi Muru huku Kibera, au wa Kawangware kule ng'ambo ya Barabara ya Ngong, aweza kucheka na kusema kuwa mambo haya hayamhusu, kwa kuwa mpishi wa pilau hana mashine ya kadi, mwenye mahema na viti vya plastiki hupokea kwa namba ya Till, na kinyozi wa bwana arusi hataki hata kusikia habari za benki. Kicheko hicho kina haraka. Kadi imekwisha kufika Kibera zamani, ila imekuja kwa sura ya simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mwaka huo huo zikaanza pointi za Bonga; mwaka 2012 ikaja M-Shwari kuwakopesha wasio na dhamana; na mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkopesha mtu papo hapo anapolipa na salio lake halitoshi. Lipi basi lifanywalo na kadi ya Mmarekani ambalo simu haijalifanya? Inakopesha wakati wa kulipa, inatoza kwa kukopesha, na inatoa pointi.

Na tuzihesabu pointi hizo, maana wengi wanaozisifu hawajazihesabu. Pointi moja hupatikana kwa kila shilingi 10 za maongezi. Tuseme pointi hiyo ina thamani ya senti 30, kama ilivyokuwa mwaka 2020 katika siku za Korona, wateja waliporuhusiwa kununulia vitu dukani. Kwa hesabu hiyo, mwenye kutaka kununua mchele wa shilingi 6,000 kwa pointi tupu yampasa awe na pointi 20,000, yaani awe amekwisha kuzungumza kwa shilingi 200,000. Mchumba wa namna hiyo, kwa maneno yote hayo, ama ni dalali ama ameposa nyumba nyingi. Sasa tuweke deni upande wa pili wa mizani. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30: aliyekopa shilingi 20,000 alidaiwa 1,500 juu yake, na mwezi ukipita hajalipa aliongezewa asilimia nyingine kama hiyo juu ya salio. Ada ya mwezi mmoja, kwa mkopo usiotosha hata kukodi mahema na kuchinja ng'ombe, ilimeza thamani ya pointi 5,000.

Hayo ni ya tarakimu, na kuna jambo lingine baya zaidi ambalo kamati za arusi zinalijua na haziliandiki. Mweka hazina huona siku zimekaribia, mwenye mahema anataka malipo ya awali, na michango bado ni ahadi. Akaifungua Fuliza kwa laini yake mwenyewe, ile ile ambayo namba yake imetangazwa katika kundi la WhatsApp. Kesho yake shangazi aliye Mombasa anatuma shilingi 2,000 kwa ajili ya bibi arusi, na fedha hizo, kabla hazijaonwa na mtu, zinakatwa kulipa Fuliza pamoja na ada yake ya kila siku. Shangazi alitoa kwa mapenzi ya nduguye, na sehemu ya sadaka yake ikawa faida ya mkopeshaji. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyevunja sheria. Walakini kamati hukaa kikao cha mwisho ikitazamana, kila mmoja akishuku mkono wa mwenzake.

Kambi Muru ilikuwa na njia yake kabla ya haya. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumika katika jeshi la King's African Rifles, wamekaa Kibera tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, nao hawakupewa hati ya ardhi hata ilipofika mwaka 2017, walipopata ekari 288. Aila iliyoishi miaka mia pasipo hati haikuwa na rehani ya kuiwekea benki. Kwa hiyo karadha ya arusi ilikuwa ya jirani kwa jirani. Akina mama waliojitanda nguo za gurbaba huimba na kucheza kwa mlio wa ngoma ya doluka, na kando ya kelele hizo hukaa mzee mwenye daftari la mistari, akiandika kwa wino wa buluu: fulani, kilo kumi za mchele, fulani, nusu mbuzi, fulani, shilingi 500, na mbele ya jina hilo nukta ndogo, maana yake ameahidi na hajatoa. Daftari hilo halitupwi. Binti wa fulani akiolewa baada ya miaka minne, hufunguliwa tena.

Sisemi kuwa njia hii haina taabu. Ile nukta ni deni, na kuna watu wanaohama njia wasikutane na mwenye daftari. Vijana wengi wameniambia wazi kuwa ni afadhali kudaiwa na simu, isiyosengenya, kuliko kudaiwa na mjomba. Nawaelewa, lakini siwaafiki. Mjomba hutazama hali ya mdeni, humngojea, na mwisho hupokea kuku badala ya fedha. Wala deni lake halikui usiku watu wamelala. Tena kwa Waislamu wa mtaa huu kuna suala la riba ambalo halihitaji fatwa mpya: ndoa hutimia kwa walii, mashahidi wawili, mahari, na ijabu na kabuli, na walima, yaani karamu ya arusi, ni sunna ifuatayo uwezo wa mwenye kualika. Ukumbi wa Ngong Road, keki ya ghorofa tano na gari la kukodi lenye utepe ni fakhari zetu sisi, wala si sharti la mtu yeyote.

Mwenye fedha taslimu na alipe atakavyo, na pointi zikimjia azipokee kama bahashishi. Kwa kamati zinazokaa mwezi huu Kambi Muru, Makina, Lindi na Kawangware ninalo ombi: michango ipokewe kwa laini isiyo na Fuliza, ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe kiasi kilichomo mkononi, na mahema yasikodiwe mpaka kiasi hicho kiwe kimeyatosha.