Msimzike Bondia kwa Cheti cha Kuzaliwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi mtaani Jericho, hapa Nairobi, shuka shingoni, wembe ukipita kisogoni, jamaa mmoja aliyekuwa benchini akasema: "Zarika ameisha. Mama wa miaka 40 anatafuta nini ulingoni? Ndondi ni ya vijana." Benchi zima likaitikia. Kinyozi naye akaitikia. Nilinyamaza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni mwangu. Leo nasema.

Imani kwamba bondia akipita miaka 35 kazi yake ni kusimulia hadithi imeota mizizi Eastlands, kutoka Muthurwa hadi Kariobangi. Ni uongo. Miaka peke yake haimzeeshi bondia. Kinachomzeesha zaidi ni kukaa bila pigano.

Wanaomcheka bondia wetu Fatuma Zarika wamesahau alivyolipata taji. Tarehe 1 Oktoba 2016, mjini Flint, Michigan, alimshinda Alicia Ashley kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia wa Baraza la Ndondi la Dunia (WBC) uzani wa super bantam. Zarika alikuwa na miaka 31. Ashley je? Miaka 49. Bingwa wa dunia, miaka 49! Wala hakuangushwa, majaji waligawanyika. Kijana wetu alitoka jasho raundi kumi kumpokonya taji mwanamke ambaye benchi lile la kinyozi lingemtuma kijijini akachunge mbuzi.

Kisha Zarika akalitetea taji hapa Nairobi. Alimchapa Catherine Phiri wa Zambia, akamchapa Yamileth Mercado wa Mexico. Novemba 2019 Mercado alirudiana naye kwao Mexico na kuondoka na taji. Miezi michache baadaye korona ikaingia na serikali ikafunga michezo ya kugusana. Sasa niambieni, hiyo ni kazi ya umri?

Kuna msomi wa vibandani ambaye kila mara hunitajia Muhammad Ali. Ndiyo, Ali alichakazwa na Larry Holmes Oktoba 1980 akiwa na miaka 38. Lakini mbona msomi huyu hasemi kwamba Ali alikuwa amekaa miaka miwili bila kupigana? George Foreman naye alikaa nje miaka kumi, lakini aliporudi Machi 1987 alipigana mfululizo, na kabla ya kukutana na Evander Holyfield mwaka 1991 alikuwa ameshinda mapigano 24. Ishirini na manne, ndani ya miaka minne! Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi na kurudisha ubingwa wa uzani mzito.

Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Julai, sisi tulimlilia Robert Wangila. Shujaa wa Seoul 1988, Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, alifariki Las Vegas kwa majeraha ya ulingoni. Alikuwa na miaka 26. Ujana haukumwokoa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba ulingo ni salama kwa kijana na kaburi kwa mkongwe, namwomba akae kimya mbele ya jina la Wangila.

Wengine husema eti bondia akizeeka "damu inakauka". Imekauka vipi, na imeenda wapi? Wanaosema hivyo hupumua kama treni wakipanda ngazi hadi ghorofa ya pili.

Nendeni muone wenyewe jinsi bondia wa Eastlands anavyozeeka. Mimi nimeona. Saa kumi na mbili jioni, kwenye ukumbi wenye balbu moja, mwanamke anajifunga bandeji iliyofuliwa mpaka ikawa rangi ya majivu. Gunia limezibwa kwa utepe wa gundi, ndani yake mna matambara, na chini limekuwa gumu kama jiwe, kwa hiyo anapiga sehemu ya juu tu. Alipiga jana, anapiga leo, atapiga kesho. Pigano hakuna. Promota aliahidi Aprili, akaahirisha Agosti, kisha simu yake ikazimwa. Ukumbi mmoja niliojifunzia ndondi nikiwa kijana sasa hukodishwa kwa harusi na mikutano ya injili. Wacheza ndondi huambiwa wangoje nje. Na wanasiasa? Hao huja siku bondia anapotua uwanja wa ndege na mshipi, wakapiga naye picha, wakatoweka na ahadi zao. Pesa za kamari zinajaza mitaa yetu vibanda, ila glavu mpya hazionekani.

Mpeni kijana wa miaka 24 maisha hayo kwa miaka mitatu, naye atapanda ulingoni akiwa mzee.

Sisemi kila mkongwe atakuwa bingwa. Nasema hakuna anayejua, kwa sababu hatujawahi kumpa mkongwe wetu hata mmoja mapigano manne kwa mwaka, daktari wa kumpima na kocha anayelipwa. Tunamnyima chakula, kisha tunashangaa amekonda.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokutana na bondia mkongwe wa mtaa wako, usimuulize ana miaka mingapi. Muulize alipigana lini mara ya mwisho. Kisha nenda kamuulize promota, na diwani wako, kwa nini jibu ni la miaka mingi iliyopita.