Ngoma ya Jadi Ina Wenyewe

Katika somo la fasihi simulizi tumezoea kuandika kwamba wimbo wa jadi hauna mtunzi, ni mali ya jamii nzima. Sentensi hiyo hupata alama kwenye mtihani. Mimi naipinga, kwa sababu imewasaidia wengi kula jasho la watu wasiotajwa. Mfano wangu ni ngoma za Burundi.

Mwaka 1967, mwaka uliofuata kufutwa kwa ufalme, watafiti kutoka Ufaransa walirekodi wapiga ngoma wapatao 25 katika kijiji cha nchi hii. Sauti zao zilitolewa mwaka 1968 kwenye santuri ya Ocora iitwayo Musique du Burundi. Mwaka 1971 mwanamuziki Mfaransa, Michel Bernholc, aliichukua rekodi ileile, akapiga piano juu yake, akaiita "Burundi Black". Uingereza ilifika nafasi ya 31 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana. Bernholc alijiita Mike Steïphenson, na jina la msanii kwenye santuri likawa Burundi Steiphenson Black. Jina la nchi lipo. Jina la mpiga piano, tena la kubuni, lipo. Jina la mpiga ngoma halipo hata moja.

Halafu wakafuata wengine. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliweka ngoma za Burundi ndani ya wimbo wake "The Jungle Line". Miaka ya 1980 ilipoanza, bendi za London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilipata umaarufu kwa mapigo yanayofuata yale yale, na mwaka 1981 "Burundi Black" ikatolewa upya. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Wale 25 walicheza kwao, wakatunzwa wengine.

Atakayesema kwamba ndivyo ulivyo muziki unaotoka kwa watu wa chini, na atazame kipande kingine cha piano, kilichotangulia hicho kwa miaka 72. "Maple Leaf Rag" kilitungwa na Scott Joplin, Mmarekani mweusi ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Muziki wenyewe, uitwao regitaimu, ulikuwa umekulia katika dansi na nyimbo za Wamarekani weusi, mali ya kila mtu kama tunavyosema sisi. Lakini Joplin aliandika noti zake kwenye karatasi, na tarehe 10 Agosti 1899, mjini Sedalia, alitia saini mkataba na mchapishaji John Stark: senti moja kwa kila nakala itakayouzwa, na jina lake juu ya jalada.

Senti moja si utajiri. Joplin alifariki New York mwaka 1917 akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Hata hivyo, filamu ya The Sting ilipourudisha muziki wake masikioni mwa watu mwaka 1973, kila mtu alijua heshima apelekewe nani. Mwaka 1974 kaburi likawekwa alama, na mwaka 1976 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Je, leo mtu akitaka kuwaheshimu wale 25, abishe hodi kwenye mlango gani?

Najua nitakavyojibiwa. La kwanza, nitaambiwa kwamba ngoma ilikuwa ya mfalme. Ni kweli, Kirundi kina neno moja, ingoma, kwa ngoma na kwa ufalme. Lakini ibada kuwa ya ufalme hakufuti mikono iliyopiga siku ile. Tena jadi yenyewe haikubali jambo lisilo na jina. Pale Gishora, karibu na Gitega, ngoma takatifu zinaitwa Ruciteme na Murimirwa, na koo zilizozitunza zinajulikana. Jamii inayompa jina mti uliochongwa, itasemaje kwamba aliyeupiga hana jina? Walioacha kuuliza ni wageni wenye mashine ya kurekodi.

La pili, nitaambiwa kwamba santuri hizo zilitutangaza duniani. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walisafiri wenyewe hadi Uingereza, wakapiga katika tamasha la kwanza la WOMAD. Walisimama jukwaani na miili yao na nyuso zao, bila piano ya mtu, na watu wakashangilia. Sifa ya namna hiyo naikubali.

La tatu, nitaambiwa kwamba tumekwisha kujilinda. UNESCO iliiweka ngoma hii katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na amri ya rais ya mwaka 2017 ikadai vikundi viombe ruhusa na kulipia maonyesho, ikakataza na wanawake kupiga. Orodha ya UNESCO inaheshimu ibada, haimlipi mtu. Na amri ile iliwashughulisha watu na nani aruhusiwe kupiga leo, huku nani alipiga mwaka 1967 likibaki swali lisiloulizwa.

Kwa nini basi nayaleta haya kwa wanafunzi wa Kiswahili? Kwa sababu kazi ya wale watafiti sasa tunaifanya sisi. Tunatoka vyumbani mwetu hapa Mutanga Sud na simu mfukoni, tunakwenda Buyenzi au mikoani, tunarekodi bibi akiimba au mzee akisimulia hadithi, kisha katika tasnifu tunaandika "mtunzi hajulikani". Anajulikana. Alikuwa ameketi mbele yetu, akatupa na chai.

Naomba Idara isipokee tena mkusanyo wa fasihi simulizi usio na ukurasa wa majina: nani aliimba, wapi, lini, alijifunza kwa nani, na alikubali sauti yake itumiweje. Asiyetaka kutajwa, na iandikwe kwamba yeye mwenyewe alikataa. Ukurasa mmoja tu. Wale 25 hawakuupata, na hakuna piano inayoweza kuujaza leo.